Seli hujisafisha, lakini hazinyooshi kamba iliyojisokota

Neno otofajia limetoka maabara na kuhamia kijiweni. Zamani si nyingi ungelisikia kwa wanafunzi wa biolojia tu. Leo limo kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye video za walimu wa mfungo, na kwenye maelezo ya vikopo vya unga wa mizizi vinavyotembezwa stendi. Mafundisho yanafanana: kaa na njaa ya kutosha, seli zako zitaanza kula takataka zake zenyewe, na mwili utatoka mpya. Kwa nusu ya kwanza ya maneno hayo sina ugomvi na mtu. Ugomvi ulianza mafundisho yaliposhuka chini ya kitovu. Siku hizi nasoma ahadi kwamba mfungo wa siku tatu, au unga fulani "unaoamsha otofajia", unarudisha korodani iliyosinyaa, unatibu mishipa iliyovimba na unamwepusha mwanamume na kisu. Wanaosoma ni vijana, wengi wao wana maumivu mahali ambapo hawako tayari kumwonyesha hata baba mzazi. Ahadi ya kupona kimyakimya, bila kuvua suruali mbele ya daktari, ni bidhaa inayojiuza yenyewe.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kujisafisha kwa seli ni jambo la kweli, tena ndani ya korodani lina kazi kubwa kuliko wauzaji wa unga wanavyojua. Ila ni kazi inayoendeshwa na damu, na matokeo yake hutegemea saa. Korodani iliyokatiwa damu kwa sababu kamba inayoibeba imejisokota haiwezi kujisafisha hadi ikapona. Upasuaji ndio unaoirudishia uwezo huo, na hata baada ya upasuaji usafi huohuo unaweza kuokoa seli au kuzimaliza. Kwa hiyo wamekosea wote wawili: anayesema "mwili utajisafisha wenyewe, subiri", na daktari anayesema "hayo ni mambo ya panya, mimi nikishanyoosha kamba nimemaliza". Makosa yao hayalingani uzito. La kwanza linaondoa kiungo cha mtoto wa mtu. La pili linafunga mlango wa tiba ambayo huenda ikaja.

Tuanze na asili ya neno lenyewe. Mwaka 1963 Christian de Duve, mwanasayansi wa Ubelgiji ambaye miaka michache nyuma alikuwa amegundua lisosomu, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "kujila". Alikuwa anataja jambo lililoonekana kwa hadubini: seli inazungushia utando sehemu yake iliyochakaa, inatengeneza kifuko, kisha inakipeleka kifuko hicho kwenye lisosomu, ambako vimeng'enya vikali vinakisaga ndani ya tindikali hadi ipatikane malighafi ya kutumiwa upya. Kwa karibu miaka thelathini jambo hilo lilibaki kama picha nzuri isiyo na ufunguo, na ufunguo ulikuja kupatikana kwenye hamira. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Tokyo, Yoshinori Ohsumi aliinyima lishe hamira yenye hitilafu: vimeng'enya vyake vya kusaga taka havikuwa vikifanya kazi. Vifuko vikarundikana ndani ya seli hadi vikaonekana kwa hadubini ya kawaida. Mwaka 1993 yeye na mwenzake walitangaza jeni 15 zinazohusika na kazi hiyo, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobel peke yake. Namwomba msomaji ashike jambo moja hapa. Ohsumi aliviona vile vifuko kwa sababu usafi ulikuwa umekwama. Tutalihitaji hilo mbele.

Korodani ni kiwanda chenye taka nyingi. Ndani yake kuna mirija miembamba iliyojikunja, na kwenye kuta za mirija hiyo mbegu hutengenezwa kwa hatua zinazochukua zaidi ya miezi miwili. Seli nyingi zinazoanza safari hiyo hufa njiani hata kwa mwanamume mwenye afya kamili, na kila mbegu inayokamilika huvua karibu nyama yake yote ili ibaki kichwa, shingo na mkia. Wafagiaji ni seli za Sertoli, ambazo hulea mbegu changa na papo hapo humeza mabaki na maiti za wenzao. Otofajia imo katika kila kona ya kiwanda hicho. Panya waliozimwa jeni iitwayo Atg7 kwenye seli za mbegu walitoa mbegu zenye vichwa vya mviringo na kofia mbovu ya kupenyea yai, wakashindwa kuzalisha. Jeni za kundi hilohilo zikizimwa kwenye seli za Leydig, zile zinazotengeneza testosteroni, homoni inapungua, kwa kuwa seli zinashindwa kuvuta kolestero ya kutosha, na kolestero ndiyo malighafi yake. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba usafi wa seli hauna uhusiano na uzazi wa mwanamume, nitamkatalia mchana kweupe.

Sasa tazama kinachotokea kamba ya korodani inapojisokota. Kamba hiyo imebeba mshipa wa kuleta damu, mishipa ya kuirudisha, neva na mrija wa mbegu. Kwa wavulana wengi korodani imeshikizwa vizuri kwenye mfuko wake. Kwa baadhi yao utando uliotakiwa kuishikiza umepanda juu mno, ikabaki inaning'inia kama ulimi wa kengele. Siku moja, mara nyingi kati ya umri wa miaka 12 na 18, na mara nyingi usingizini, inazunguka. Nchi zinazotunza hesabu hizi hukadiria kijana mmoja kati ya 4,000 wa chini ya miaka 25 kwa mwaka. Mishipa ya kurudisha damu, ambayo kuta zake ni laini, hubanwa kwanza, korodani inavimba, kisha damu ya kuingia nayo inakatika. Kamba ikinyooshwa ndani ya saa 6, zaidi ya korodani 9 kati ya 10 huokolewa. Baada ya saa 12 matumaini huporomoka, na baada ya saa 24 mpasuaji kwa kawaida hukuta kitu cheusi ambacho hakina la kufanywa ila kukitoa. Upasuaji wenyewe si mrefu: chale kwenye mfuko, kamba inanyooshwa, korodani inafunikwa kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi ya uvuguvugu, watu wanasubiri kuona kama rangi itarudi, kisha inashonewa isizunguke tena. Ya upande wa pili nayo hushonewa, maana hitilafu ya kuning'inia kwa kawaida iko pande zote mbili.

Mpwa wangu aliamshwa na maumivu saa tisa usiku akiwa bwenini, kidato cha pili. Akatapika. Patroni akampa vidonge vya maumivu, mwenzake wa kitanda cha juu akamwambia ni ngiri, na mtu mzima mmoja mwenye nia njema akamshauri akae bila kula hadi jioni ili mwili "upambane wenyewe". Alifikishwa hospitali saa nane mchana na kuingizwa chumba cha upasuaji saa kumi na moja jioni. Piga hesabu. Alitoka na korodani moja. Simlaumu yule wa mfungo peke yake, kwa sababu alikuwa mmoja tu katika foleni ndefu ya wacheleweshaji.

Watetezi wa mfungo wana hoja zao, na si zote za kupuuza. Wanasema sayansi hii imepewa Nobel. Wanasema njaa huamsha otofajia, na hilo limeonekana kwa macho: mwaka 2004 watafiti wa Japani walichapisha kazi juu ya panya waliotengenezwa ili vifuko vyao vya otofajia ving'ae kijani, na panya hao waliponyimwa chakula kwa saa 24 vifuko viliongezeka kwenye viungo vingi, ingawa ubongo haukuitikia. Wanasema pia kwamba upasuaji una hatari zake. Yote matatu ni kweli. Kilichokosekana ni daraja la kutoka hapo hadi kwenye korodani ya kijana wa Mbagala. Panya mdogo akikaa saa 24 bila chakula hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Kwake hiyo ni njaa ya kukaribia kifo, huwezi kuifananisha na mtu kuruka chai ya asubuhi. Kwa binadamu hakuna kipimo cha hospitali kinachokuambia kwamba leo otofajia yako imepanda, sembuse kwenye kiungo kimoja. Na mirija ya mbegu imezungushiwa ukuta wa seli za Sertoli zilizokamatana, unaochuja kile kinachoingia kutoka kwenye damu, kwa hiyo huwezi kuchukua kilichoonekana kwenye ini ukakibandika kule. (Anayefunga Ramadhani au Kwaresima asinielewe vibaya. Ibada ina sababu zake, na sijawahi kusikia mtu akinuia saumu kwa ajili ya lisosomu.)

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya "upe mwili muda". Inachukulia kwamba usafi wa seli ni kitu cha bure, kama vumbi linalotua lenyewe. Usafi huo una gharama. Kifuko hujengwa kwa nishati. Lisosomu hubaki na tindikali kwa sababu pampu kwenye utando wake zinasukuma chembe za haidrojeni ndani usiku na mchana, na pampu hizo hula ATP, ile sarafu ya nishati ndani ya seli. ATP nyingi hutoka kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na mitokondria zinataka oksijeni, nayo oksijeni huja na damu. Ukikata damu, seli inahisi dhiki, inaamuru usafi uanze, kisha inakosa nguvu ya kuumaliza. Ni manispaa iliyotangaza siku ya usafi wakati magari yote hayana dizeli. Korodani iliyojisokota tayari imefunga kavu kuliko mfungaji yeyote unayemjua. Kuongeza njaa ya tumbo juu yake hakuipi chochote. Muda ndio kitu pekee isichoweza kupewa.

Wauzaji wanaposoma vichwa vya habari, maabarani kwenyewe hawajakubaliana, na mimi naona ubishi wao ndio sehemu tamu zaidi ya mjadala huu. Panya husokotwa korodani kwa makusudi wakiwa chini ya dawa ya usingizi, inanyooshwa baada ya muda, kisha tishu inachunguzwa. Alama za otofajia hupanda. Wapo waliowapa panya dawa ya kuichochea, rapamisini, wakaona madhara yamepungua. Wapo walioizuia, nao wakaona madhara yamepungua. Mtu wa nje atasema hizi ni fujo. Mimi nasema wengi wanahesabu mikokoteni. Ukikuta mikokoteni ya taka imejaa barabarani Dar es Salaam, huwezi kujua kwa kutazama tu kama wazoaji wamechapa kazi tangu alfajiri au kama lango la dampo la Pugu limefungwa. Picha ni ileile. Protini ya LC3, ambayo hukaa kwenye utando wa vifuko na ndiyo hupimwa mara nyingi, ni idadi ya mikokoteni. Ili ujue kama mzigo unafika dampo, lazima utazame kitu kingine, kwa mfano p62, protini inayofungwa pamoja na taka na kusagwa nazo: ikipungua, kazi inaenda, ikirundikana, kuna mahali pamekwama. Hili ndilo funzo la hamira ya Ohsumi. Vifuko vingi vinaweza kuwa dalili ya usafi mkubwa, na vinaweza kuwa dalili ya usafi uliokufa.

Njia nyingine ya kupima ni kufunga lango mwenyewe kwa makusudi na kutazama mikokoteni inarundikana kwa kasi gani. Dawa inayotumika kufunga lango hilo maabara ni rafiki yetu wa zamani, klorokwini. Ndiyo, ileile chungu tuliyomeza kila homa ilipopanda, ikatuwasha mwili mzima, hadi Tanzania ilipoiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa sugu. Klorokwini huingia kwenye lisosomu na kuivuruga, vifuko vinabaki na mzigo wao. Nataja hili kwa sababu linaonyesha jinsi ilivyo hatari kugeuza jambo la maabara kuwa ushauri wa mtaani. Rapamisini nayo, ambayo asili yake ni bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, hutolewa kwa watu waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae. Inapunguza kinga na uvimbe, kwa hiyo ikimsaidia panya, huenda si otofajia iliyomsaidia. Tena imejulikana kwamba wanaume wanaoitumia kwa muda mrefu wanaweza kupungukiwa mbegu. Dawa inayochochea usafi, na kiwanda kinapunguza uzalishaji. Jaribu kuiweka hiyo kwenye bango la biashara.

Wapasuaji nao wana hoja, na ni nzito. Wanasema dawa ni saa. Kila shilingi iende kwenye usafiri wa mgonjwa, kwenye chumba cha upasuaji kinachofunguka usiku, kwenye mtoa dawa za usingizi aliye zamu. Habari za protini ziachieni vyuo vikuu. Kwa leo, kwa wilaya isiyo na gari la wagonjwa, nakubaliana nao karibu kwa kila neno. Ninapotofautiana nao ni pale wanapodhani kazi imeisha kamba ikinyooka. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walisokota korodani za panya digrii 720 kisha wakazinyoosha. Damu ilirudi. Utengenezaji wa mbegu haukurudi. Damu inayorudi kwa kishindo inaleta oksijeni kwenye mitokondria zilizoharibika, zinatoa kemikali za kuunguza, chembe nyeupe za damu zinavamia, na seli za mbegu zinaanza kujiua kwa mpangilio saa kadhaa baada ya kila mtu kuvua glavu. Wapasuaji wazoefu wanaijua sura hiyo kwa binadamu: korodani iliyokuwa na rangi nzuri mezani, baada ya miezi sita imesinyaa na kuwa kama punje ya mbaazi. Hata ufundi wao umeshaanza kuitikia. Wapo wanaokata ganda gumu la nje la korodani iliyovimba ili kushusha shinikizo, kisha wanaliziba pengo kwa kipande cha utando wa jirani. Huo ni upasuaji unaokiri kwamba madhara yanaendelea baada ya kunyoosha.

Na hapa otofajia inapata mahali pake halali. Mwaka 2007 watafiti wa moyo walionyesha kwa panya kwamba otofajia inayoamka damu inapokatika huisaidia seli, kwa kuwa inasaga vipuri ili kupata nishati. Ila ile inayofura damu inaporudi, kupitia protini ya Beclin 1, huongeza madhara. Panya waliozaliwa na nusu ya Beclin 1 walipata madhara madogo damu iliporudi. Moyo si korodani, sitavuka mpaka huo kwa kuruka. Lakini swali linavuka: yule aliyeona faida kwa kuchochea na yule aliyeona faida kwa kuzuia, kila mmoja alitoa dawa yake dakika ya ngapi? Kabla ya kunyoosha, au baada? Naamini sehemu kubwa ya ubishi wa panya ni ubishi wa saa uliojificha. Ikiwa ndivyo, tiba ya baadaye haitakuwa unga wa kunywa nyumbani. Itakuwa sindano inayotolewa mezani, wakati mpasuaji ameishika kamba mkononi.

Kuna jeraha la pili ambalo halina haraka hii, nalo ndilo linalowapa wauzaji soko kubwa zaidi: mishipa ya kurudisha damu ya korodani inapovimba na kujikunja, hali ambayo madaktari huiita varikoseli. Wanaume wapatao 15 kati ya 100 wanayo, na kati ya wanaochunguzwa kwa kukosa mtoto wa kwanza wanazidi theluthi moja. Kwa kawaida ni kushoto, kwa sababu mshipa wa upande huo unapanda mbali na kuingia kwenye mshipa wa figo kwa kona kali. Damu inatuama, joto linapanda mahali palipohitaji ubaridi wa nyuzijoto 2 hadi 4 chini ya mwili, na seli zinaishi kwenye msongo wa kila siku. Hapa mtetezi wa mfungo ana unafuu kidogo: hakuna dharura, na kupunguza uzito au kuacha sigara kunaweza kusaidia mbegu. Wala si kila varikoseli inahitaji kisu. Isiyosumbua, kwa mwanamume mwenye vipimo vizuri vya mbegu, huachwa. Lakini vizuizi vya mshipa vilivyolegea havikazwi na njaa. Anayehitaji kufungwa mishipa hiyo atafungwa, vizuri zaidi kwa hadubini ya upasuaji, na matokeo yake hayaonekani kabla ya miezi mitatu hadi sita kwa kuwa kiwanda kinaanza mzunguko mpya wa mbegu. Kwenye dirisha hilo la miezi ndipo muuzaji anapopenya. Mtu aliyepasuliwa Januari, akaanza unga Machi, akapimwa Juni, ataushukuru unga, na atarekodi video.

Lugha yetu nayo inachangia. Ngiri, mshipa, busha: maneno matatu yanayobeba karibu kila kinachouma au kuvimba huko chini. Pwani ya Afrika Mashariki, ambako minyoo inayoenezwa na mbu imeacha mabusha mengi, watu wamezoea, na kwa haki, kwamba uvimbe wa korodani ni jambo la polepole linaloweza kusubiri kampeni ya upasuaji. Busha huja kwa miaka, kwa kawaida bila maumivu makali. Korodani iliyojisokota huja ghafla, na mara nyingi huja na kutapika. Mvulana mwingine atalalamikia tumbo tu kwa sababu ya aibu, au kwa sababu maumivu yenyewe hupanda huko. Madaktari wa Brazil walichapisha mwaka 2013 mizani rahisi isiyohitaji mashine: uvimbe wa korodani alama 2, ugumu wake alama 2, kichefuchefu au kutapika alama 1, korodani kupanda juu alama 1, na alama 1 ikiwa korodani haishtuki kupanda unapopapasa paja kwa ndani. Ukifika alama 5, mgonjwa aende kupasuliwa bila kusubiri ultrasaundi. Tabibu wa zahanati anaweza kuitumia mizani hiyo kwa simu na patroni wa bweni, au angalau nusu yake. Na kama kuna kufunga kunakohusika na habari hii, ni kule kutokula njiani kuelekea hospitali, maana huenda mgonjwa akahitaji nusu kaputi.

Hata hivyo sitaki tuishie kwenye matangazo ya afya. Ikiwa dawa ya kulinda seli damu inaporudi itapatikana, itajaribiwa kwa vijana waliochelewa, kwa kuwa anayefika ndani ya saa 6 kwa kawaida hupona bila hiyo. Vijana waliochelewa wako kwetu. Jaribio la namna hiyo litasimama au kuanguka kwa takwimu moja: saa ambayo kamba ilijisokota. Bila hiyo, wa saa 5 atachanganywa na wa saa 15, na tutarudia ubishi wa panya kwa kutumia watoto wa watu. Kwenye karatasi za mpwa wangu nilikuta saa ya kufika, saa ya kuingia chumba cha upasuaji, jina la dawa ya usingizi na aina ya uzi ulioshonea korodani iliyobaki. Saa ya maumivu kuanza, ambayo yeye mwenyewe aliikumbuka hadi dakika kwa sababu alitazama simu ya mwenzake, haikuwa na mahali pa kuandikwa.